Yatima Adeke

Kila Septemba, darasa la saba wanapokaribia mtihani wa taifa, shule za msingi za Nachingwea na Ruangwa hufunga turubai uwanjani, huazima viti vya plastiki na kufanya mahafali. Ngoma huchezwa. Risala husomwa kwa sauti iliyokaririwa, ikitaja madawati yaliyopungua na matundu ya vyoo yasiyotosha. Kisha mgeni rasmi hukabidhiwa kipaza sauti. Huenda ni diwani, huenda ni mnunuzi wa ufuta, huenda ni mzaliwa wa kijiji aliyekuja kutoka Dar es Salaam na gari la vioo vyeusi. Hotuba ni ileile. Huyu mnayemwona leo alikwenda shule peku. Kilomita nane kwenda, nane kurudi. Baba alitangulia mbele ya haki yeye akiwa darasa la pili. Alisomea koroboi. Alijua kwamba yatima hadeki, akakaza. Nanyi kazeni. Makofi, vigelegele, na ahadi ya mifuko ya saruji.

Hakuna anayenyoosha mkono kuuliza: mafuta ya hilo koroboi alinunua nani?

Imani inayobebwa na hotuba hiyo wote wanaijua. Shida ni mwalimu. Mtoto aliyenyimwa hukomaa, aliyebebwa huharibika. Anayetaka kutoka atatoka, na aliyebaki alitaka mwenyewe kubaki. Imani hiyo ina misemo yake ya kuegemea: yatima hadeki, mtaji wa maskini nguvu zake mwenyewe, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ina wahubiri wake pia, wale wahamasishaji wanaojaza kumbi na vipindi vya asubuhi redioni. Na wenye nacho inawafaa mno, kwa kuwa mtu aliyeshiba akishajiaminisha kwamba njaa ndiyo iliyomtengeneza, haoni sababu ya kumpunguzia mwingine njaa hiyo.

Imani hiyo si kweli. Kuipinga hakuhitaji safari ndefu, kwa sababu wilaya hizi mbili za mkoa wa Lindi, pamoja na majirani zake, zina karne na nusu ya ushahidi kuhusu watoto walioumia na namna baadhi yao walivyonyanyuka.

Katika karne ya 19 njia za misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi zilikatiza nchi hii ya Wamwera, Wamakua na Wayao. Katika misafara hiyo walikuwamo watoto wengi. Kama shida ingekuwa shule, basi ile ingekuwa chuo kikuu. Lakini waliofia njiani hawakuhitimu chochote, na waliofika sokoni waliuzwa. Waliopata kuandika habari zao ni wachache waliookolewa na manowari za Waingereza na kupelekwa Unguja, kwenye shule ya misheni ya UMCA pale Kiungani, ambako mtu aliwapa kitanda, chakula na kalamu, kwa utaratibu huo. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapa kwa Kiingereza simulizi ambazo wavulana wa shule za misheni hiyo walikuwa wameandika kwa Kiswahili juu ya kutekwa na kuuzwa kwao. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya watoto wa pande hizi wakisimulia maisha yao wenyewe, na yangestahili kujulikana zaidi mashuleni kuliko hadithi nyingi za sungura.

Miaka 11 kabla ya hapo, Askofu Edward Steere, yuleyule aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili, alikuwa ameongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja wakielekea Nyasa. Wakakomea Masasi, mlango wa pili kutoka Nachingwea ya leo. Mmoja wa wanafunzi wa Kiungani, Myao aliyetekwa utotoni na kubatizwa kwa jina la Cecil Majaliwa, alisomeshwa hadi Canterbury, Uingereza, akarudi kufanya kazi Chitangali katika bara hilohilo la kusini, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadri. Jina lake linaweza kupotosha. Majaliwa ni yale ambayo Mungu amemjalia mtu, na wapenda hadithi za bahati wangefurahi kuishia hapo. Ukweli ni kwamba kila hatua ya maisha yake ilikuwa na mtu aliyeisimamia: baharia, mwalimu, mfadhili wa nauli, chifu aliyempokea. Misheni ilikuwa na hesabu zake, na upole wake ulikuja na masharti. Hilo halibadilishi jambo lenyewe. Mtoto aliyevuliwa kila kitu hakujivika mwenyewe.

Jina hilo la Majaliwa limesikika tena kusini katika miaka ya karibuni, kwa mtu mwingine na sababu nyingine. Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa kuanzia 2010 hadi 2025, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu Novemba 2015, na kwa miaka kumi kijana yeyote wa Ruangwa aliyelalamika alikuwa akionyeshwa mfano huo: mbona mwenzio ametoka hukuhuku? Ametoka, ndiyo. Alisomea ualimu Mtwara, akafundisha, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hivyo vyote ni vyuo vya umma. Njia hiyo ilijengwa kwa kodi za watu kabla yeye hajaipita.

Kisa kilicho karibu zaidi na Nachingwea yenyewe kinatoka ng'ambo ya Ruvuma. Graça Simbine alizaliwa Oktoba 1945 katika jimbo la Gaza, Msumbiji, wiki chache baada ya baba yake kufariki. Alikuwa kitinda mimba wa watoto sita. Kwa kipimo cha yatima hadeki, huyo ndiye yatima kamili, ambaye hata sura ya baba hakuiona. Ila ndugu zake wakubwa waliamua kwamba huyu mdogo atasoma. Shule ya Wamethodisti ikampokea, ufadhili ukampeleka Lisbon, na mwaka 1973 akajiunga na FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilichokuwa na makao yake Tanzania na kambi yake kuu ya mafunzo Nachingwea. Akafundisha katika shule ya FRELIMO Bagamoyo. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 akawa waziri wa elimu, na dunia ikamjua kwa jina la Graça Machel.

Aliyoyafanya baadaye ndiyo yanayoigusa hoja hii. Mwaka 1996 alikabidhi Umoja wa Mataifa ripoti juu ya watoto katika vita. Angeweza kuandika, kama wageni rasmi wengi, kwamba watoto wa Afrika ni wagumu, watazoea. Alisisitiza kinyume chake: mtoto aliyetenganishwa na wazazi arudishwe mapema kwenye familia na jamii, kwa sababu ahueni yake iko kwa watu wanaomjua.

Na katika Msumbiji hiyohiyo jambo hilo lilipimwa. Mwaka 1988 wavulana 39 waliokuwa wametekwa na waasi wa Renamo na kufanywa askari walipelekwa kituo cha Lhanguene, Maputo. Neil Boothby na wenzake waliwafuatilia kwa miaka 16. Wengi wao walikuja kuwa waume, baba na wafanyakazi kama majirani zao. Kilichowasaidia kiliorodheshwa bila mafumbo: familia zilizowapokea, matambiko ya kijijini ya kuwasafisha ili wasiitwe wauaji, na ufundi au kazi ya kushika mkononi. Vita vyenyewe havikutajwa miongoni mwa walimu. Hata waliofanikiwa waliendelea kuota ndoto za vita usiku, watu wazima wenye watoto wao. Shida haikuwakomaza. Iliwajeruhi, na watu wakawatibu kadiri walivyoweza.

Masasi nayo ina kisa cha aina hiyo, kidogo lakini kitamu. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wake kuanzia 1960 hadi 1968, wakati dayosisi hiyo ikifika mpaka Nachingwea, alikuwa amewahi kufanya kazi Afrika Kusini. Huko, miaka ya 1940, kijana mmoja wa Kiafrika alilazwa kwa kifua kikuu kwa karibu miaka miwili. Padri huyo wa Kizungu, mwenye parokia nzima ya kuhudumia, alikwenda kumtazama kitandani kila wiki. Kijana aliitwa Desmond Tutu, na hakuacha kulisimulia jambo hilo hata alipokuwa askofu mkuu mwenye Nobeli. Watu wa kazeni hawasimulii hivyo. Wao wangesimulia kikohozi.

Utafiti unaotajwa kuliko wote katika suala hili ulifanywa mbali, Kauai, kisiwa cha Hawaii. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi walipofika umri wa miaka 40. Miongoni mwa waliokulia katika umaskini, ugomvi wa nyumbani na maradhi ya wazazi, takriban theluthi moja walikua vizuri. Hiyo theluthi moja ndiyo wahamasishaji huipenda. Theluthi mbili zilizobaki hawazitaji, na ndizo zinazoonyesha shida hufanya nini inapoachiwa darasa. Kwa wale waliokua vizuri, kila mmoja alikuwa na walau mtu mzima mmoja aliyemshikilia: bibi, shangazi, mwalimu, jirani, kiongozi wa dini.

Haki itendeke hapa: Werner aliona pia kwamba tabia ya mtoto ina uzito. Mtoto mchangamfu, asiyesumbua sana kulea, mwenye kupenda kujua, alikuwa na nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo si uongo kwamba kuna watoto wenye ukakamavu wa kuzaliwa nao. Lakini uchangamfu huo ulifanya kazi gani? Uliwavuta watu wazima. Mwalimu humpenda anayeuliza, jirani humwita anayesalimia. Hata karama hiyo, basi, ilihitaji mtu wa kuijibu.

Kauai iwekwe kando, turudi barazani.

Kusini ukoo hufuata upande wa mama. Ndoa ikivunjika au kifo kikipita, mtoto hubebwa kwa bibi mzaa mama, na mjomba ana sauti juu yake kuliko ndugu wa baba. Kwa sababu hiyo yatima wa Kimwera mara nyingi ana mlango wa kubisha hodi, na msemo wa yatima hadeki, ukiutazama vizuri, humsingizia bibi yake kwamba hayupo. Mchukue bibi wa Naipanga au wa Mbekenyera, yeyote, maana kila kitongoji kinaye. Ana wajukuu wanne. Ana mikorosho kumi na mitano, mingine imezeeka. Januari shule zinafunguliwa: sare, kaunta buku, mchango wa chakula, na kama mkubwa amechaguliwa kidato cha kwanza shule ya kata iliyo mbali, kodi ya geto la kupanga. Ada ilifutwa, ni kweli. Tangu Januari 2016 sekondari ya kutwa haidai tena zile shilingi 20,000 kwa mwaka, na hilo ni jambo kubwa ambalo hakuna wa kulibeza. Ila ada haikuwa kamwe gharama pekee.

Korosho huanguka Oktoba. Januari na Februari ni mvua, mahindi ya mwaka jana yamekwisha ghalani, mapya hayajakomaa. Ndipo pikipiki inapoingia uani. Mwenye pikipiki haketi sana. Anatoa daftari kwenye koti, anaandika jina na idadi ya magunia, bibi anatia dole gumba, noti zinahesabiwa juu ya mkeka. Huko ndiko kuuza kangomba: kuuza korosho ambazo bado ni maua, au hazijawa hata maua, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, mwenye daftari anarudi kuchukua chake. Siku ya mnada wa chama kikuu cha RUNALI, bei ikisomwa mbele ya wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, bibi anasikiliza bei ya korosho zilizokwisha kuondoka kwake. Tofauti kati ya bei hiyo na noti za mkekani ndiyo gharama halisi ya kidato cha kwanza.

Zilizobaki anazibangua nyumbani, chache chache, za kuuza kwenye visahani kituo cha basi. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi. Vidole vya kubangulia huwa vyeusi, vimekatikakatika, na weusi huo hautoki kwa sabuni.

Serikali huiita kangomba wizi, na ina haki. Novemba 2018, mgogoro wa bei na wanunuzi ulipokwama, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaingia kazini kuzisomba, na walanguzi wa kangomba wakasakwa kijiji kwa kijiji. Waliulizwa korosho hizi mmetoa wapi, nanyi shamba lenu liko wapi. Maswali mazuri. Ila mwenye daftari hupata soko kwa sababu Januari bibi hana mahali pengine pa kukopa, na anayemkopea ni mtoto. Wema nao una gharama, na mwenye kuibeba ni huyo asiye na akiba.

Hapo ndipo hoja ya pili ya watu wa kazeni hujitokeza: ukiwasaidia utawalemaza. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, imesemwa hivyo tangu ilipoanza kuhawilisha fedha kwa kaya maskini. Kama ni kulemaza, ingeonekana pale ilipopimwa kwanza, katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, nusu vikipewa na nusu vikisubiri. Waliopewa walinunua mifugo, wakajiunga na bima ya afya, watoto wao wakaugua mara chache zaidi na kusoma zaidi. Na watoto wakanunuliwa viatu. Mgeni rasmi aliyekwenda peku angetarajiwa kuguswa na hicho, lakini peku yake ameifanya nishani, na nishani haigawiwi ovyo.

Halafu yupo binti wa geto. Ana miaka 15, amepanga chumba karibu na shule kwa sababu nyumbani ni mbali, anajipikia, mlango ni wa bati na komeo. Akipata ujauzito, watu husema ulimwengu umemfunza. Nchi nzima ilikuwa ikisema hivyo kwa maandishi: kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza, na Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba chini yake hakuna mzazi atakayerudi darasani. Sera hiyo ilikuwa yatima hadeki iliyopigwa mhuri. Ilibadilishwa Novemba 2021, na waraka wa elimu ukafuata kumruhusu arudi. Kule Kauai, wasichana waliozaa wakiwa shuleni walihesabiwa kuwa wamepotea walipokuwa na miaka 18; walipopimwa tena wakiwa watu wazima, wengi walikuwa wamesimama, kwa kupewa nafasi ya pili, kurudi masomoni kwanza kabisa. Waraka umefungua lango. Anayebaki na mtoto mchanga mama yake akiwa darasani ni bibi yuleyule wa mikorosho kumi na mitano.

Kuhusu ule uvumi kwamba watu wa kusini hawapendi shule na shida zao wamejitakia, Nachingwea ina jibu lake kwenye ramani. Mji huo ulikuzwa na mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanza Tanganyika mwaka 1947. Misitu ikang'olewa kwa matingatinga, reli ikajengwa. Karanga hazikuota kama zilivyotarajiwa, na mapema 1951 serikali ya London ikatangaza kuufunga mradi na kufuta deni la pauni milioni 36. Hakuna aliyesimama bungeni kusema shirika hilo likaze, shida italikomaza. Reli iling'olewa mwanzoni mwa uhuru. Kata ya Stesheni ipo Nachingwea hadi leo, haina treni. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake, vivuko vilipokwama wakati wa mvua, kusini nzima ilikatika na Dar es Salaam, pamoja na vitabu, saruji na walimu wapya. Mamilioni ya pauni yaliruhusiwa kudeka. Mtoto wa Mnero anayeomba kaunta buku anaambiwa ajifunze kujitegemea.

Wapo watakaosema hotuba ya mahafali haina madhara, ni ya kutia moyo tu. Ingekuwa hivyo kama watoto wasingekuwa wanasikiliza. Aliyeketi mstari wa tatu, ambaye hajala tangu jana na hesabu hazipandi, anaondoka na hesabu moja aliyoielewa: mwenzangu alikaza akatoka, mimi sitoki, basi kasoro ni yangu. Mgeni rasmi angeweza kutumia dakika zilezile kutaja majina. Nani alimpa uji asubuhi. Mwalimu gani alimwachia ufunguo wa ofisi asomee taa. Nani aliuza nini. Hotuba ingekuwa ndefu zaidi na yeye angeonekana mfupi zaidi, na huenda ndiyo sababu hawaitoi.

Hotuba inakwisha. Wageni wanaelekezwa darasani kwenye pilau na soda. Nyuma ya turubai, chini ya mwembe, wameketi waliokuja kuwaona wahitimu, na mmoja wao, mwenye vidole vyeusi, anakung'uta kanga yake na kuondoka kabla sinia halijafika upande huo. Ameiona pikipiki ikikata kuelekea kwake. Oktoba imebaki wiki mbili.